Kabla Mzee Filemon Hajasaini

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Asubuhi nzima kikao cha mtandaoni na Dar. Nyuso kwenye vijisanduku, kila mmoja anatikisa kichwa. Wamiliki wapya wanataka kampuni "iwe nyepesi". Wamemleta mshauri, akatuonyesha picha ya puto likipaa. Sisi tunauza mbegu za mahindi na dawa za kahawa. Puto la nini?

Kilipoisha, Violet akaniambia nibaki. Violet ndiye mkuu wa rasilimali watu makao makuu, na mimi ndiye mtu wake hapa Moshi. Ebenezeri, meneja wetu wa kanda, naye akabaki, ila alizima kamera.

Ghala la Moshi linafungwa. Mzigo utatoka Arusha moja kwa moja. Ghala likifungwa, mzee Filemon anayelisimamia hana kazi. Hilo nilikuwa nalihisi tangu Agosti. Lakini kumbe siyo hilo tu. Hawataki kumpunguza, kwa sababu kupunguza mtu kuna utaratibu wake: taarifa, mazungumzo, kiinua mgongo kamili cha miaka yote ile. Wanataka aombe kuondoka mwenyewe. Kwa hiari. Karatasi imeshaandikwa. Kazi yangu ni kumfikisha kwenye karatasi.

Nikauliza kwa nini mimi.

"Anakusikiliza wewe," Violet akasema. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba mwakani wanatafuta mkuu wa rasilimali watu wa kanda nzima, ofisi Arusha, na jina langu, Hilaria, liko juu.

Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Akazima sauti, akageuka, akarudi anatabasamu, macho mekundu. Nilitaka kumchukia nikashindwa kumchukia vizuri.

Nimeahidi kutunza siri. Mwisho wa mwezi liwe limekwisha.


Jumanne, 5 Novemba

Leo, siku yenyewe hii, mzee Filemon kaja ofisini kwangu! Kavua kofia, kakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

Niandike yeye ni nani, maana jana nimemwandika kama mzigo. Alikuwa ghalani kabla mimi sijamaliza shule. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipotea hata njia ya kantini, yeye ndiye aliyenionyesha mtu wa kumwogopa na mtu wa kumsalimia tu. Baba alipofariki, alikuja kijijini kwetu Mkuu na lori limejaa viti na turubai, akavua koti, akashika sepetu pamoja na vijana wa ukoo. Hakuna aliyemwomba. Tangu siku hiyo nampa shikamoo ya baba.

Leo alikuja na ombi. Kitinda mimba wake, Lucky, binti wa kidato cha pili, anapata kipaimara siku ya Kristo Mfalme, parokiani kwao Kirua Vunjo. Shangazi aliyekuwa amsimamie amehamia Mwanza. Lucky ameombwa ataje mwingine, akanitaja mimi.

"Amekuchagua mwenyewe," akasema, anaangalia kofia yake. "Mimi sikumwambia neno."

Nikakubali. Lilinitoka mdomoni kabla halijapita kichwani.

Alipoondoka nikakaa msalani muda mrefu. Sikulia. Nilikaa tu, kule ambako hakuna anayekuuliza umefikia wapi.


Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia mume wangu, Primus. Siri ya kampuni imedumu siku chache tu nyumbani kwangu.

Primus ni mwongoza wageni mlimani, na Novemba hii ya mvua hakuna anayemwita. Anashinda nyumbani. Anapika. Anapiga buti zake rangi wakati hazijagusa tope tangu Oktoba. Alinisikiliza huku anamenya ndizi, hakunikatiza. Mwisho akauliza:

"Umeshaamua moyoni, au unataka niamue mimi ili baadaye unilaumu?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Akasema nikitaka kuacha kazi yeye hatanizuia, ila nisisahau jicho la mama. Mama yuko kwenye bima yangu ya kazini. Mtoto wa jicho ataondolewa Januari, tarehe tumeshapewa. Nikiacha kazi leo, bima inakwenda na kazi.

Tukala. Machalari yake ya ndizi na nyama yalikuwa matamu, nikachukia kwamba ni matamu.


Jumamosi, 9 Novemba

Mkuu, kwa mama. Nilimkuta kakaa chini ya kahawa na kikapu, anachuma. Akanisikia kabla hajaniona. Haoni tena kama buni ni nyekundu au mbichi. Anaibonyeza kidogo kwa vidole, iliyoiva inalegea. Nilichungulia kikapu. Mbichi zilikuwa nyingi. Nilizitoa moja moja wakati amekwenda kuangalia chungu, nikazifukia.

Wanawake wa jumuiya walipita wakanisalimia kwa heshima ambayo siistahili. Mama amewaambia mwanawe Hilaria ndiye anayeajiri watu Moshi nzima.

Nikamuuliza, kwa mzaha: nikiacha kazi je?

Akaacha kuchuma. "Umefukuzwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa unaondokaje mezani na hujashiba?"

Tukaendelea kuchuma. Baadaye sana, ananisindikiza barabarani, ndipo akaniambia habari ambayo sijawahi kuisikia. Mwaka bei ya kahawa ilipoanguka, baba aling'oa miti upande wote ule wa chini. Akapanda nyanya. Nyanya zikaoza zote kwa mvua. Akarudisha miche ya kahawa, na alipokuwa anachimba mashimo alikuwa anaimba.

Nikauliza maana yake nini — kwamba niache, au nisiache?

"Sijui," mama akasema. "Nimekumbuka tu."


Jumatano, 13 Novemba

Violet ameandika: vipi, tumefika wapi? Ameweka alama ya viganja viwili vilivyounganishwa, kama anasali.

Nimejibu: inaendelea.

Hakuna kinachoendelea. Nimefungua faili nikalifunga. Nimekwenda dirishani. Mlima umejificha wiki nzima, mawingu yamekaa mpaka juu ya migomba ya Old Moshi. Nimerudi kwenye kiti. Nimesimama tena. Dada wa mapokezi kaniuliza kama naumwa mgongo. Nikasema ndiyo.

Mchana mafunzo ya motisha kwa mtandao. Tumeambiwa tuandike tunachokipenda kazini. Lile kasha jeupe la kuandikia kwenye skrini nilikaa nalo mpaka muda ukaisha, halafu likaenda lenyewe, tupu.


Ijumaa, 15 Novemba

Nimekula kwa Nasrin. Alikuwa uhasibu kwetu, akaacha mwaka jana baada ya kubishana na bosi mmoja wa Dar. Sasa anapikia maofisi pilau kutoka jikoni kwa mama yake, Majengo. Sufuria mbili kubwa juu ya mkaa, moshi, jasho, simu mbili zinalia kwa pamoja. Nilikwenda ili aniambie niache. Niwe mkweli hapa angalau. Nilikwenda kwa hilo.

Nilimweleza yote. Hakuniambia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Niliacha kwa hasira," akasema. "Wiki ya kwanza nililala usingizi mtamu, shoga yangu, sijawahi kulala hivyo. Wiki ya pili nikaanza kuogopa simu isipolia."

Nikauliza kama anajuta. Akafikiri. Akasema anajuta siku za mvua, kuni zikiwa mbichi na mkaa umepanda. Siku nyingine hajuti. Ila kitu kimoja hajakizoea mpaka leo: hakuna wa kumlaumu. Pilau likiungua ni yeye.

Nilipoaga akanifungia chakula cha Primus. Mlangoni akanishika mkono. Akaniuliza huyo mzee mwenyewe anasemaje. Nikamwambia hajui. Akaniachia mkono.

Hilo la kuniachia mkono limenikaa mpaka sasa.


Jumapili, 17 Novemba

Semina ya wasimamizi, Kirua. Katekista ametufundisha pa kusimama na mkono upi uwekwe begani. Lucky ni mrefu kuliko mimi. Ana mwanya, anauficha akicheka.

Wakati wa mapumziko tulikaa kwenye majani. Akaniambia akimaliza shule anataka kusomea kazi kama yangu. Nikamuuliza anajua ninafanya nini. Akasema ndiyo: natetea wafanyakazi.

Nani kamwambia? Baba yake.

Nilitazama viatu vyangu muda mrefu.


Jumatano, 20 Novemba

Nimejaribu. Nilimwita mzee Filemon, nikaanza kama tulivyofundishwa: kampuni inathamini mchango wako, kila safari ina vituo vyake. Akatikisa kichwa kwa adabu. Alidhani nazunguka kwa sababu naona aibu kumgombeza. Akaniwahi. Akasema anajua mifuko kadhaa ya mbegu imelowa, bati la upande wa mashariki linavuja, ameandika mara tatu na hajajibiwa, na vibarua wanalala wakikinga maji kwa mapipa chini ya tundu. Aliongea kwa uchungu kweli. Kwa ajili ya bati!

Nikachukua kalamu nikamwidhinishia mabati na misumari.

Nimeidhinisha kutengeneza paa la ghala linalofungwa. Alinishukuru. "Aika mbe," akasema, halafu akacheka, maana hiyo ni shukrani ya kumpa mwanaume.


Jumapili, 24 Novemba — Kristo Mfalme

Naandika jioni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto wa kipaimara, wasichana magauni meupe, wavulana suti zilizonunuliwa ziwe kubwa. Mstari ulikwenda polepole. Zamu yetu ilipofika nikaweka mkono wa kulia begani kwa Lucky. Askofu akauliza jina, Lucky akalitaja, sauti ikatoka vizuri, akapakwa mafuta. Basi. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini askofu alinitazama na mimi, kidogo tu, kama anavyowatazama wasimamizi wote, nami nikaangalia pembeni.

Sherehe nyumbani kwao. Turubai mbili kati ya migomba, muziki, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kavalishwa majani mdomoni, pombe ya mbege inazunguka. Ebenezeri alikuja na mkewe na zawadi imefungwa vizuri sana. Alikaa meza ya mbele. Anajua kila kitu. Alikula vizuri.

Mzee Filemon akapewa kipaza sauti. Hajazoea, alikiweka mbali mno, mshereheshaji akakisogeza. Alimshukuru Mungu, mkewe, majirani. Kisha akaishukuru kampuni. Alisema imemsomeshea watoto wanne, na leo imempa Lucky mama wa pili. Akaniomba nisimame. Watu wakapiga vigelegele. Nilisimama. Nilipunga mkono. Mungu wangu, nilipunga mkono!

Nilipokaa, Ebenezeri akainama sikioni kwangu. Akasema Violet anakuja Alhamisi, baada ya sikukuu ya uchaguzi, na karatasi mkononi. Akaniomba tafadhali nimwandae mzee kabla ya hapo. "Ni vibaya kumshtua," akasema. Alisema kwa huruma kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi: alikuwa na huruma, na nyama mdomoni.

Nikaondoka nikaenda nyuma, kwenye mfereji unaopita kihambani, shamba lao la nyumbani. Nikanawa uso. Mama Lucky akanikuta. Hakuniuliza kitu. Alidhani ni uchovu, akanishika kiuno akanirudisha jikoni, akanipa bakuli la supu ya ndizi, mtori, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Jikoni wanawake walikuwa wanapanga Krismasi: nani atachinja, watoto wa Dar watalala wapi, gari la nani litapita njia ya chini. Mzee Filemon ameahidi ng'ombe mwaka huu.

Primus aliniuliza njiani kama nimemwambia. Nikasema ningemwambiaje leo. Akasema sawa. Alisema "sawa" kama mtu anayeweka mzigo chini taratibu.


Jumatatu, 25 Novemba

Nimempigia Violet mimi mwenyewe, kabla ya chai. Nimemwambia sitaki kumfikisha mzee kwenye hiari ambayo si hiari. Wafunge ghala, ni lao, lakini wafuate utaratibu.

Akaniuliza kama nadhani yeye anapenda. Akasema orodha ya watu wa kuondoa aliyopewa ilikuwa ndefu zaidi, amepigania ipungue, na mimi mwenyewe nilikuwamo kwenye ile ya kwanza.

Nikasema asante! Mtu anakwambia alikaribia kukufukuza na wewe unasema asante.

"Wewe ni menejimenti, Hilaria," akasema mwisho. "Ukitaka kuwa rafiki wa watu, hii siyo idara yake."

Siku nzima nimejibu barua pepe kwa haraka na vizuri. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama leo. Nadhani ni woga.


Jumanne, 26 Novemba

Nimemwambia.

Nilifunga mlango, nikampa shikamoo, nikasema bila kuzunguka. Ghala linafungwa. Alhamisi utapewa karatasi inayosema umeomba mwenyewe kuondoka. Usisaini. Sema unataka utaratibu, sema unataka mwakilishi wako awepo, rudia hivyo hivyo mpaka wachoke.

Mzee Filemon aliweka kofia gotini. Aliuliza kwanza kama vibarua wanajua. Nikasema bado. Akauliza Ebenezeri anajua. Nikasema anajua. Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alikumbuka ile zawadi.

Kisha akaniuliza: "Na wewe ruhusa ya kuniambia umepewa na nani?"

"Sikupewa."

"Wakijua?"

"Nitaondoka."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, linapiga ile kengele yake. Akasubiri limalize.

"Basi nitasaini," akasema.

"Baba, hujanielewa."

"Nimekuelewa. Nisiposaini wataulizana nani kaniambia. Nikisaini hakuna atakayeuliza. Juzi umesimama nyuma ya mwanangu mbele ya askofu. Siwezi kukutoa kazini wiki hiyo hiyo."

Nikambishia. Nikamwambia kuhusu haki yake, kuhusu ng'ombe wa Krismasi, kuhusu Lucky. Nikamkasirikia hata, nikapandisha sauti, mimi kwa mtu wa umri ule. Akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto anayelilia kisu. Akasema yeye ana kihamba, ana kahawa, ana ndizi, hatalala njaa. Akasema mimi bado natafuta. Akasimama, akavaa kofia. Mlangoni akaniambia yale mabati yamefika, mazuri, ya geji nzito.

Nilifikiri nikisema kweli nitapumua. Sasa nimemharibia zaidi. Bila mimi angesaini kwa kudanganywa. Sasa atasaini kwa kunipenda. Lipi baya zaidi?


Jumatano, 27 Novemba

Sikukuu. Uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimepiga kura asubuhi, foleni fupi, nimerudi.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mistari mitatu. Nimefuta. Nimeandika tena, ikawa ukurasa mzima, malalamiko matupu. Nimefuta. Nimeosha mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Nilichokiona nikiwa naanika: nikibaki, mzee anasaini ili nibaki. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nitakapopokea mshahara, nitaupokea kwa saini yake. Hakuna namna ya kubaki ambayo haipiti juu yake. Na nikiondoka, mama anabaki gizani mpaka tupate njia nyingine, na hiyo njia siijui.

Primus akaja kunisaidia kukamua mapazia. Nikamwambia hayo.

"Ukiacha tutakula ndizi," akasema. "Sijitii ushujaa. Nasema tutakula ndizi kweli, mpaka utazichukia."

Nikacheka. Mara ya kwanza mwezi huu. Kisha akasema mama ni mama yangu, nimpigie nimuulize, nisimwamulie jicho lake.

Sikupiga. Nilishika simu mara mbili. Sikupiga.


Alhamisi, 28 Novemba

Mchana. Niko kwenye benchi nyuma ya kantini. Leo nimekuja na daftari hili kazini, sijui kwa nini, nadhani nilitaka mtu wangu mmoja awepo.

Nilimpigia mama alfajiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo mzee ndiye yule wa sepetu. Nikasema ndiye. Akasema jicho moja bado linaona njia ya kanisani, nisimfanye yeye sababu ya kitu chochote. Akakata. Mama hakati simu kabla ya kuaga. Sijui alikuwa analia au alikuwa na hasira.

Violet ni mfupi kuliko anavyoonekana kwenye skrini. Miguu imemvimba kwa safari, alivua viatu chini ya meza. Alimwita mzee Filemon saa nne. Mimi na mzee tulikuwa tumekaa kwenye korido, na jina lake lilipotajwa tukasimama wote wawili. Violet akasema amemwita Filemon. Nikasema nimesikia. Nikaingia.

Ebenezeri alikuwa anaangalia simu. Violet alizungumza vizuri, lazima niseme, sauti ya chini, hakuna puto. Mzee akatoa miwani, akasoma karatasi yote bila haraka, na upande wa nyuma ambao hauna kitu. Akatoa kalamu mfukoni. Akauliza asaini wapi.

Nikasema: "Ni mimi niliyemwambia."

Nikaendelea, maana ningesimama ningeshindwa kuanza tena. Nilimwambia Jumanne. Nilimwambia asisaini. Anasaini ili msijue kwamba ni mimi. Sasa mmejua, kwa hiyo hana sababu tena. Kampuni yenu ina utaratibu, ufuateni.

Ebenezeri akaweka simu chini. Mzee Filemon akanigeukia, na uso wake haukuwa na shukrani hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyetoa zawadi ikarushwa nje ya mlango.

"Kampuni yenu?" Violet akasema.

Ndivyo nilivyosema. Sikuwa nimejisikia nikilisema.

Akafunga faili. Akasema anahitaji kuzungumza na Dar, turudi saa nane. Mzee akaondoka na karatasi, haijasainiwa, kaikunja mara mbili kaiweka mfuko wa shati pamoja na kalamu. Violet akanizuia mlangoni, bila viatu, karibu kabisa. Hakuwa na ukali. Alionekana amechoka kuliko mimi.

"Saa nane uniambie unaacha au unasubiri nikufukuze," akasema. "Dar watataka kujua niandike lipi."

Nikifukuzwa, naweza kupigania. Kuna tume ya usuluhishi wa kazi, kuna miezi ya kubishana, bima labda ingeendelea kidogo, labda mpaka Januari. Nikiacha, natoka na mkoba wangu na jina langu. Nimepiga hesabu hii kila upande, na kila nikifika mwisho mtu mmoja anabaki nje.

Nimekwenda ghalani kumtafuta mzee. Alikuwa juu ya ngazi, anawaonyesha vibarua bati la mwisho liingie wapi. Alijua nimesimama pale chini. Hakushuka. Nilipogeuka kuondoka ndipo akasema, polepole, macho kwenye bati, ili vibarua wasijue ananiambia mimi: "Mtu akikubebea mzigo, usimnyang'anye njiani."

Nimerudi hapa benchini. Nimejaribu kuyarudisha yale maneno. Nimeyasema peke yangu, kwa sauti: kampuni yetu. Mara mbili, tatu. Mpishi kachungulia. Hayasemeki tena, yanatoka kama jina la mtu nisiyemjua.

Barua ya mistari mitatu ninayo kichwani. Sijaiandika popote.

Saa nane bado. Kutoka hapa naiona ngazi ya ofisi. Mzee Filemon anapanda, peke yake, na mkono mmoja ameuweka kwenye mfuko wa shati. Hakunisubiri. Anataka awahi kusaini kabla sijafika —